Picha ya Kubandikwa Kwenye Friji

Vijana, kabla hamjanyoosha mkono mkajipiga picha nyingine, futeni lenzi. Tumieni upindo wa fulana, msitumie kidole. Nusu ya picha ninazoonyeshwa na majirani zangu zina ukungu, wala si ule ukungu wetu wa Nyeri wa mwezi wa saba. Ni mafuta ya chipsi. Mtu ananunua simu yenye macho matatu mgongoni, anayapaka yote matatu mafuta, kisha ananiuliza mimi kwa nini picha zake hazing'ai.

Wananiuliza kwa sababu nilikuwa mpiga picha. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, nikaingia studio ya Bi Zuhura pale Majengo kungoja kazi. Kwa namna fulani bado naingoja. Bi Zuhura alipochoka, studio ikawa yangu. Simu zenu zilipokuja, ikawa ya Shiru, ambaye ameigeuza saluni. Mimi nimebaki katika vyumba viwili vya nyuma. Asubuhi nasikia mashine zake za kukausha nywele zikiunguruma mahali nilipokuwa nikisimama na kusema, "Inua kidevu kidogo." Kioo ambacho wateja wangu walijitengenezea kingali palepale ukutani. Tumezeeka pamoja, ila chenyewe bado kina kazi.

Nilidhani nimemalizana na picha. Kisha mwaka huu nikalazimika kujifunza upya, nyumbani, peke yangu, nikiwa mpigaji na mpigwaji, kwa ajili ya mtoto mmoja mdogo ambaye hakutaka kuniona.

Binti yangu Wangari ni muuguzi huko Kanada. Ana wavulana wawili. Wa kwanza, Mwangi, alipewa jina la baba wa mume wake, kama ilivyo desturi yetu, na wa pili akapewa langu. Kwa hiyo kuna Ndiritu mmoja hapa Majengo na Ndiritu mwingine, ambaye ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, mahali ambapo theluji hupanda hadi dirishani. Hatujawahi kuonana. Wangari, kwa kuwa mwanawe amebeba jina langu, humwita "Baba", kama mama zetu walivyofanya. Tukizungumza kwa simu akapaza sauti, "Baba, toa kidole kwa pua!" mimi huku nashusha mkono haraka.

Alinipigia siku moja kuniambia watakuja Krismasi.

"Nimeweka picha za watu wote kwa friji," akasema, "ndio watoto wawajue mapema. Mwangi anawajua wote. Lakini huyu mdogo ni mwoga, Baba. Akiona mtu hamjui, analia mpaka anatapika. Sitaki akuone Nairobi uwanja wa ndege aanze kupiga nduru."

"Mimi niko kwenye friji?"

"Ndio hiyo shida. Picha zako zote niko nazo umeshika kamera mbele ya uso."

Ni kweli. Tafuteni picha ya mtu aliyefanya kazi yangu, mtaona kiwiko, kipara na kamera. Katika harusi ya Wangari mwenyewe nipo pembeni kwenye picha moja tu, nimeinama, nabadilisha betri.

Nikamwambia asijali. Nilimjibu kwa majivuno kabisa. Mtu amepiga sura za nusu ya mji huu, atashindwa na yake?

Sasa nisikilizeni jinsi nilivyofanya, ili msinifuate. Nilisogeza kiti karibu na dirisha, nikakaa ubavu, mwanga unipige upande mmoja. Nyuma yangu nikatundika blanketi jeusi. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la kakao, nikalipandisha kopo juu ya vitabu vyangu vya falsafa mpaka lenzi ikawa sawa na macho. Hapo pa vitabu mnaweza kunifuata. Simu ikiwa chini, inakupiga matundu ya pua. Ikiwa juu sana, unafanana na mtu anayeomba msamaha. Nami nilifurahi kwamba ile shahada imepata shughuli hatimaye.

Picha ikatoka nzuri mno. Nusu ya uso kwenye mwanga, nusu gizani, kila kunyanzi mahali pake. Ningeishi zama za wafalme, ningejitundika kwenye jumba. Nikaituma, nikakaa kungoja sifa.

Wangari akapiga.

"Baba, ulikuwa umekasirikia nani?"

"Simkasirikii mtu. Hapo natabasamu."

"Wapi?"

"Upande wa kushoto."

"Upande wa kushoto hauonekani. Iko na giza. Ameiona akakimbia nyuma ya kochi. Halafu Mwangi amemwambia ati huyo ni mtu wa kuchukua watoto hawalali. Nimeigeuza iangalie friji, pole. Tuma ingine."

Hivyo ndivyo nilivyokaa juma zima huko ughaibuni, nikiwa nimeangalia mlango wa friji.

Ningepaswa kujua. Nilipokuwa bado mgeni studio, kijana mmoja alikuja kutoka Kiriaini na suti mpya. Alitaka picha ya kupelekwa kwa wakwe. Nikampiga kwa mwanga wa ubavu, vilevile, kwa sababu nilikuwa nimesoma kitabu kimoja maktaba na kilikuwa bado kinanizunguka kichwani. Alipoiona akaigeuza, akaangalia nyuma ya karatasi kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Sikio ingine iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza kuhusu kivuli na siri ya utu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Sasa baba ya msichana akiuliza kama niko na sikio mbili, nimwambie ni siri?"

Bi Zuhura, aliyekuwa akihesabu fremu nyuma ya pazia, alicheka mpaka akaketi. Kisha akatoka, akamkalisha yule kijana upya akiutazama mlango, akampiga mara moja, basi. Hakuwa mwanamke mpole. Aliwahi kuunguza filamu nzima ya ubatizo kwa kufungua mlango wa chumba cha giza ili aniulize nimeweka wapi sukari, na akanilaumu mimi kwa kuijua sukari ilipo. Lakini kuhusu mwanga hakuwa na mzaha. "Ukitaka kumtisha mtu, mwangaze ubavu," alisema. "Ukitaka apendwe, mgeuze aelekee kunakotoka mwanga."

Kwa hiyo nikajigeuza. Na hapa nawapa siri ya nyumba hii, maana siku moja na nyinyi mtapanga chumba Majengo. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, hatua chache tu ng'ambo ya kichochoro. Kila mwaka kabla ya Idi jirani huupaka chokaa. Jua la asubuhi linaupiga ule ukuta, ukuta unanirudishia mwanga umetulia, laini, hauna makali. Hakuna taa ya duka inayoweza kufanya hivyo. Kama ukuta wenu ni wa matofali au mabati yenye kutu, ngojeni siku ya mawingu, nasi hapa hatukosi. Wingu la Nyeri ni pazia kubwa Mungu ametundika bure, na bado mnajipiga picha chini ya globu ya chumbani, nyuso zimekuwa za kijani kama ndizi za Kirinyaga.

Chini ya kidevu, pale panapobaki kivuli, nililaza magotini gunia jeupe la mchele wa Mwea. Linarusha mwanga juu, linapunguza mifuko ya macho. Mifuko yangu ni mikubwa, nilihitaji gunia la kilo nyingi. Nikaondoa blanketi jeusi, nikaacha nyuma ukuta mtupu wa krimu. Kiti nikakivuta mbali na ukuta ili kivuli changu kisisimame nyuma yangu kama askari. Na simu nikaiweka mbali. Mnaposhika simu kwa mkono, pua inakuwa karibu na lenzi kuliko masikio, nayo inavimba kwa sifa. Iwekeni mbali, halafu mkate picha baadaye.

Kila kitu kikawa sahihi. Nikatuma.

"Hajalia," Wangari akasema.

"Asante Mungu."

"Ameiangalia tu, akapita. Ni kama ya kitambulisho, Baba. Uko hapo, lakini hauko."

Kutomtisha mtu si sawa na kujulikana naye. Afadhali hata nyuma ya kochi, angalau kule nilikuwa nimemgusa.

Nilipeleka malalamiko yangu saluni. Shiru ni mama wa watoto wawili, ana mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Mimi huniita guka, yaani babu. Alikuwa anasuka mteja. Akaichukua simu yangu kwa vidole vyenye jeli, na mimi nikafunga macho kwa ajili ya lenzi.

"Guka, hapa unaangalia wapi?"

"Kwenye kamera."

"Wapi! Unajiangalia. Ona macho imeshuka. Unaangalia kama kipara imeongezeka."

Mteja akajigeuza chini ya mikono yake ili naye aone. "Imeongezeka," akasema.

"Na ati huyu ndio alikuwa mtu wa studio," Shiru akamwambia. "Kaa hapo nikupige mimi, guka. Sura ya baba mkwe, haya!"

Akanipiga. Simu yake ina kitu cha kulainisha uso, akanilainisha. Nikatoka bila kunyanzi hata moja, midomo ya waridi, ngozi kama parachichi lililopakwa mafuta. Watu wa saluni walinipongeza. Nikaitazama ile sura kwenye simu, na juu yake, kwenye kioo changu cha zamani, nikaiona ile nyingine. Mtoto angeizoea ya kwanza, kisha uwanja wa ndege akutane na ya pili. Nikamshukuru Shiru, nikaifuta.

Lakini kuhusu macho alikuwa amesema kweli. Simu inakuonyesha sura yako unapojipiga, na hakuna binadamu anayeweza kujiona bila kujikagua. Basi nikabandika kipande cha karatasi kwenye kioo cha simu nisijione, nikaweka kipima muda, nikaitazama lenzi yenyewe. Nikapiga nyingi. Zote zilikuwa na macho mahali pake, na yote yalikuwa matupu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa na ukimya ambao sikuwa nimeusikia vizuri. Katika kazi yangu yote sikuwahi kupiga picha chumba kikiwa kimya. Mteja anaketi, mimi nasema upuuzi, yeye anajibu, na mke wangu Nyambura yuko pale kwenye kioo na kitana na koti la studio tulilowaazima wateja. Nyambura ndiye alikuwa na jicho la nguo. Angeniacha nijipange, nipime mwanga, nishike pumzi, kisha aseme, "Ngoja," aende amnyooshe mteja kola. Nami jioni tukifunga angenitazama tu na kusema, "Ndiritu, kola." Mbele za watu aliniita Baba Wangari kama wanawake wote wa rika lake. Jina langu alilitumia kwa ajili ya kola.

Amefariki, na miaka imeanza kupita. Kanisani mimi ni Baba Wangari. Mtaani ni Mzee wa Picha, kwa Shiru ni guka. Nilikaa kwenye kile kiti na gunia la mchele magotini, nikagundua kwamba kola yangu katika picha zote imekunjika upande mmoja, na sikuwa nimeiona. Nikainyoosha. Sikupiga tena siku hiyo.

Wangari alikuwa na subira, lakini kalenda haikuwa nayo. "Baba, kama haiwezekani si lazima," alisema mwishoni mwa simu moja. "Atakuzoea tu tukifika. Akilia, atanyamaza." Alisema kwa upole ambao wauguzi huwapa wagonjwa wasiopona. Nikajiona nimesimama kwenye kile kizuizi cha uwanja wa ndege, nimenyoosha mikono, na mtoto mwenye jina langu anapiga nduru kifuani mwa mama yake mpaka watu wageuke. Wangekaa majuma machache tu. Angeweza kuyamaliza yote nyuma ya kochi langu.

Kilichonisaidia ni mwanamke mmoja wa Mwea ambaye hata jina lake nimelisahau. Alikuja studio zamani hizo, mkulima wa mpunga, na matope yalikuwa bado kwenye ukingo wa viatu alivyovisugua. Alisimama mbele ya kamera kama nguzo ya ua. Nilimwambia atabasamu, akaonyesha meno. Nikamwambia asitabasamu, akaonekana kama amefiwa. Bi Zuhura akanisukuma kando.

"Picha hii inaenda kwa nani?" akamuuliza.

"Kwa Baba Karimi. Ako Mombasa kazi."

"Huyo Baba Karimi akiingia sasa hivi kwa mlango huo, utamwambia nini?"

"Nitamuuliza mbona hatumi hata salamu."

"Basi muulize. Yuko ndani ya hiki kijicho cha kioo. Anza kwa kumwita."

Mwanamke akaitazama lenzi kwa hasira ya kweli. "Baba Karimi!" akasema, na akanyamaza. Mdomo ukafungika, ile hasira ikakosa pa kusimama, na chini yake kikatokea kitu kingine kabisa. Bi Zuhura akabonyeza hapo.

"Usipige jina likiwa mdomoni," aliniambia baadaye, "utapata samaki. Ngoja litoke. Mtu akishamwita mwenzake, kuna pumzi moja ya kungoja kuitikiwa. Hiyo ndiyo picha."

Tulifanya hivyo kwa kila mtu tangu siku ile. Inaenda kwa nani? Mwite. Ngoja. Nilikuwa nimelifanya jambo hilo mara nyingi mpaka mkono wangu ukalizoea, na pengine ndiyo maana sikulikumbuka. Mkono unakumbuka kwa ajili ya wengine.

Asubuhi ya kufuatia kulikuwa na wingu jepesi. Ukuta wa jirani ulikuwa mweupe bila kuumiza macho. Nikapanga kiti, falsafa, kopo la kakao, gunia. Nikafuta lenzi. Nikanyoosha kola, nikaihakikisha kwa vidole. Chumba cha mbele Shiru alikuwa bado hajawasha mashine. Nikaanzisha kipima muda, nikaketi, nikaitazama lenzi, na nikajiuliza kwa sauti, kama mwendawazimu, inaenda kwa nani.

Inaenda kwa mtoto aliyejificha nyuma ya kochi. Basi mwite.

Nikamwita. "Ndiritu!"

Sikuwa nimefikiria mbele. Lilipotoka lilizunguka chumba, likagonga mabati ya dari, likanirudia, na kwa sekunde moja sikujua ni nani ameita na nani ameitwa. Jina hilo halikuwa limesemwa katika nyumba hiyo tangu kola ya mwisho. Nilikuwa namngoja mtoto aitikie, na wakati huohuo kuna mtu ndani yangu aliyeinua kichwa kama aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Simu ikalia klik.

Sitawaeleza hiyo picha inafananaje. Kitaalamu ina dosari: sikio moja liko juu kuliko jingine, na nyuma yangu mkia wa kamba ya nguo umeingia. Naomba Bi Zuhura anisamehe kamba. Nilitaka kurudia nikaiondoe, nikajizuia. Huo ndio ushauri wangu wa mwisho wa kazi kwenu: ukiipata, simama, iache kamba ikae.

Nikaituma bila neno.

Wangari hakupiga siku ile. Nikafua mashati ambayo hayakuwa machafu. Kesho yake, kwao ilikuwa asubuhi na kwangu jioni, simu ikalia, na kwenye kioo sikuona uso wa binti yangu. Niliona jikoni. Alikuwa ameielekeza simu kwenye friji, na pale chini, mahali ambapo mtu mfupi anaweza kufikia, nilikuwa mimi, nimeshikwa na sumaku yenye umbo la nanasi.

"Kaa kimya, Baba," akanong'ona. "Nimeishusha chini, ameniomba nishushe."

Mtoto akaingia pembeni akiwa na soksi moja. Akasimama karibu sana na friji, karibu kuliko ambavyo ningemruhusu mteja yeyote kusimama. Akaitazama ile sura. Akaweka kidole kwenye kola.

"Huyo ni nani?" Wangari akamuuliza.

Hakugeuka kumwangalia mama yake. Alisema lile jina taratibu, akiiambia friji, kama anayejaribu kuona kama kuna mtu ndani.

"Ndiritu?"

Kisha akangoja.

Nilikuwa nimeambiwa nikae kimya. Na hakuwa ananiita mimi hasa, maana hakujua kwamba nipo kwenye simu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kola.

Nikaitika.